Besi ndogo ya binti zetu: yenye vifungo ao isiyo na vifungo?

Juma hili tunazungumza juu ya besi, chombo cha muziki. Kama unajiuliza besi inawahusu wamama namna gani, soma kwanza habari ya arusi moja.

Ilikuwa Siku ya Posho, hapa Lubumbashi, katika kiwanja cha nyumba huko Kamalondo. Mmoja wetu alikuwa anaoza binti yake, na kikundi cha muziki cha binti zetu kilialikwa. Wawili wanaimba, mmoja anapiga gita, mmoja ngoma, na mmoja, mwenye miaka 16, anapiga besi. Besi ile ilikuwa ya kuazima. Ni ndogo kama gita la mtoto, na upande wake wa juu ina vifungo vinne vya kupandisha na kushusha sauti.

Nyimbo mbili zilikwenda vizuri. Katika wimbo wa tatu besi ikaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Binti akageuza kifungo, ikakoroma zaidi. Kiisha ikanyamaza kabisa. Fundi wa sono, mwanaume mzima, akashika mikrofoni na kusema mbele ya wageni wote: «Mpatie kijana mwanaume, huyu hajui chombo.» Watu wakacheka. Binti yetu akaweka besi kwenye kiti, akapita nyuma ya nyumba, na hakurudi tena.

Siku ya Kwanza tulirudisha besi kwa mwenyewe. Akafungua kimlango kidogo kilichokuwa karibu na vile vifungo, akatoa jiwe la umeme, la jamii ya mawe ya radio lakini la mraba. Akalipima, akatikisa kichwa: «Limekufa. Sijalibadilisha tangu mwaka jana.» Basi, kosa halikuwa la mtoto. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ndani ya mbao ile mna jiwe, na kwamba jiwe likifa, besi inakufa pamoja nalo.

Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa. Binti alituambia hatapiga tena. Ndiyo sababu tulikaa na kuamua kununua besi yetu wenyewe, na tujue vizuri tunanunua nini. Wamama 16, kila mmoja dola 2 kila juma, kwa majuma 10: likelemba yetu ilifika dola 320. Na hapo ubishi ukaanza: tununue besi yenye vifungo juu ya mbao, ao isiyo na vifungo?

Chombo chenyewe ni nini?

Jina lake ni besi-ukulele. Ukulele ni gita dogo la nyuzi nne lililozaliwa katika visiwa vya Hawaii. Mwaka 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilifikisha Honolulu Wareno waliotoka kisiwa cha Madeira, na kati yao walikuwamo mafundi wa mbao waliojua kutengeneza magita madogo ya kwao. Watu wa Hawaii walikipenda chombo hicho, wakakipatia jina la lugha yao. Besi-ukulele ni mtoto wa juzi tu. Fundi Mmarekani Owen Holt ndiye aliyeianzisha, na kampuni Kala ya California ikaanza kuiuzisha kwa wingi karibu na mwaka 2009. Leo kampuni nyingine nyingi zinaitengeneza.

Kwenye besi ya umeme ya kawaida, sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa karibu santimetre 86. Kwenye besi-ukulele ni karibu santimetre 53. Hata hivyo sauti zake ni zilezile: mi, la, re, sol. Uzi wa mi unatetemeka mara 41 kila sekunde, sawasawa na wa besi kubwa. Siri iko katika nyuzi. Mara nyingi si za chuma. Ni za plastiki laini na nene, kama mpira. Zinavutika, na kwa siku za kwanza sauti inashuka kila mara mpaka zizoee. Mtoto asivunjike moyo.

Kwa nini tuliichagua? Kwa sababu mkono mdogo unafika kila mahali pa shingo yake, kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu binti anaweza kupanda nayo taksi-bisi bila kulipa nafasi ya pili. Hatusemi kwamba besi kubwa ni ya wanaume. Huko Guinée, tangu mwaka 1961, kulikuwa na orkestra ya wanawake watupu iliyoitwa Les Amazones de Guinée, na wao wenyewe walipiga magita, besi, saksofoni na ngoma. Hapa kwetu rumba iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urizi wa wanadamu wote, na sisi wote tunawajua Mbilia Bel, Tshala Muana na Abeti Masikini. Lakini hao tunawajua kwa kuimba. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi umewaona na besi mkononi.

Kwa nini inaomba umeme?

Ukipiga besi-ukulele chumbani bila waya, unaisikia. Ni faida kubwa kwetu, maana umeme ukikatika magaribi, mtoto anaendelea kujizoeza. Lakini katika kiwanja chenye watu na ngoma haisikiki. Tumbo lake ni dogo mno kwa kutupa mbali sauti nene kama ile ya mi.

Gita la umeme linatumia sumaku kusikia nyuzi za chuma. Sumaku haisikii plastiki. Kwa hiyo chini ya kile kimfupa kinachobeba nyuzi wanaweka kipande chembamba kinachoitwa piezo. Piezo ikibanwa inatoa umeme kidogo, na kila mtetemo wa uzi unaibana. Jambo hilo liligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Huyu Pierre ndiye aliyemwoa Marie baadaye. Na Marie Curie alitumia jiwe la namna hiyo kupima miali ya uranium, ile tunayoijua sana hapa Katanga.

Sasa shikeni neno hili moja, maana ubishi wote unasimama juu yake: umeme wa piezo ni dhaifu sana. Ni kama mtoto anayeleta maji kwa kikombe. Ukimpelekea mwenye kiu ndogo, maji yanatosha. Ukimpelekea mwenye kiu kubwa, kikombe kinakwisha kabla ya kufika mdomoni. Mafundi wanapima kiu hiyo kwa omu. Omu zikiwa nyingi, kiu ni ndogo. Piezo inataka mahali pa kuingilia penye omu milioni 1 ao zaidi. Lakini tundu la meza ya sono, ile yenye vifungo vingi, mara nyingi lina omu 10.000 tu, na tundu la mikrofoni lina chache kuliko hapo. Ukichomeka piezo tupu moja kwa moja humo, sauti nene ndizo zinapotea kwanza. Besi inabaki kulia kama bati linalokwaruzwa. Watu watasema mpigaji ni mbaya ao besi ni mbaya, kumbe ni tundu tu.

Kati ya piezo na meza lazima kuwe kitu kinachopokea umeme ule dhaifu bila kuumaliza na kuutia nguvu. Kitu hicho ni preampli. Ulizo letu la vifungo, kwa kweli, ni ulizo la mahali preampli inapokaa: ndani ya mbao ya besi, ao nje yake.

Besi yenye vifungo

Hapa preampli imo ndani. Fundi ametoboa ubavu wa besi na kuingiza kisanduku chenye vifungo: kimoja cha ukubwa wa sauti, vingine vya sauti nene na sauti nyembamba, na mara nyingi kioo kidogo kinachoonyesha kama uzi umekazwa sawasawa.

Faida zake tulizijaribu wenyewe. Mpigaji anashusha sauti yake mara moja bila kumwita mtu. Anakaza nyuzi katikati ya makelele, anaangalia kioo tu. Unaweza kuichomeka katika ampli yoyote, ao katika meza ya sono, na sauti inakuja ikiwa na mwili. Besi nyingine zina pia kifungo cha kugeuza fezi, kinachosaidia wakati wa larsen, ile kelele ya kuvuma inayokuja tumbo la besi linaposikia bafle na kuanza kutetemeka nalo. Kwa mtoto anayepiga peke yake, nyumbani na shuleni, bila vitu vingi vya kubeba, hiyo ni besi nzuri.

Lakini kuna jiwe. Katika besi nyingine ni la mraba la volti 9. Katika nyingine ni yale ya mviringo, madogo kama kifungo cha shati. Uliza ni lipi, maana lingine unaweza kulipata kwa fundi wa radio wa mtaani, na lingine utalitafuta kwa wauzaji wa saa. Pia ujue kwamba katika besi nyingi kuchomeka waya ndiko kuwasha. Ukiuacha waya ndani usiku kucha, jiwe linaliwa usiku kucha hata kama hakuna anayepiga. Na besi ikikaa miezi bila kutumika, toa jiwe, lisije likatoa maji yake ndani na kula chuma.

Tena kuna tundu lile ubavuni. Preampli ikiharibika miaka mitano ijayo, na kampuni haitengenezi tena kipande cha kipimo kile, una besi yenye shimo. Fundi wetu wa magita alituambia neno la kweli: mbao inaweza kuishi miaka mingi kuliko vifungo vilivyomo.

Besi isiyo na vifungo

Hapa kuna piezo na tundu la waya, basi. Ubavu hautobolewi. Ni nyepesi zaidi, kwa kawaida bei yake iko chini, na hakuna jiwe la kufa ndani yake.

Mama mtunza feza wetu aliipenda tangu siku ya kwanza. «Kisichokuwako hakiharibiki,» alisema, na wengi tukapiga makofi. Binti mwenyewe ndiye aliyetupinga. Tulikuwa tumemwomba aje kwenye mkutano. Alikuja bila furaha, akakaa karibu na mlango. Akasema: «Mama, kama hakuna kifungo kwangu, basi kifungo kiko kwa yule papa wa sono. Akinishusha, nimeshuka. Akinizima, nimezimika.»

Tulinyamaza. Ni kweli. Besi isiyo na vifungo haiwezi kushushwa na anayeipiga. Ukichomoa waya wakati bafle zimefunguliwa, inapiga mshindo wa kushtua watoto. Na kama tulivyoeleza, ukiichomeka katika meza bila kitu katikati, sauti nene zinakufa. Bei yake ndogo si bei yake yote.

Ile inayodanganya macho

Tulipokwenda kuangalia madukani tulijifunza jambo la tatu. Kuna besi isiyo na kifungo chochote kwa nje, lakini preampli imefichwa ndani, imeshikana na tundu la waya, na jiwe lake limefungwa tumboni. Kulibadilisha unapitisha vidole katika tundu la sauti. Nyingine zina vifungo viwili vidogo vya kuzungusha, vimefichwa kwenye ukingo wa tundu la sauti. Huvioni mpaka uguse.

Kwa hiyo usimwulize muuzaji, «Ina vifungo?» Uliza, «Ina jiwe?» Kama anajibu hapana, mwombe aangalie ndani na taa ya simu mbele yako. Sisi muuzaji mmoja alituapia kwamba besi yake haina jiwe, na tulipowasha taa tuliliona limening'inia kama popo.

Hesabu yetu

Tuliandika bei ubaoni. Besi yenye vifungo tuliyoipenda: dola 270. Besi ileile bila vifungo: dola 210. Mama mtunza feza akatabasamu. Kiisha tukaongeza kisanduku cha preampli cha nje, chenye omu milioni kadhaa, kifungo cha ukubwa, cha sauti nene, cha sauti nyembamba na kimoja cha kunyamazisha: dola 75. Jumla dola 285. Hakutabasamu tena. Ile ya bei ndogo imekuwa ya bei kubwa.

Hata hivyo tulichagua hiyo ya dola 285, na tunawaeleza sababu zetu ili kila jamaa ipime kwa hali yake.

Kwanza, kisanduku kikiharibika, kinaharibika peke yake. Tutakipeleka kwa fundi ao tutanunua kingine, na besi itabaki nzima. Pili, kisanduku kinatumikia zaidi ya chombo kimoja. Juma lililofuata tulikichomeka kwenye gita la mwenzake, ambalo pia lina piezo tupu, na lilipata sauti ambayo hatukuijua. Tatu, kisanduku chetu kinakula jiwe la volti 9 ao umeme wa meza. Meza nyingi za sono zina kifungo cha volti 48 kinachopeleka umeme kupitia waya wa mikrofoni. Kama meza inacho, hatuli jiwe. Kama haina, ao tunapiga kwa jenereta na ampli ndogo, tuna jiwe.

Sababu ya nne ilitoka kwa binti. Kisanduku kinavaliwa kwenye mkanda, ao kinawekwa juu ya kiti karibu na mkono. Yeye ndiye anayekibeba, yeye ndiye anayekijua. Kwa hiyo alipata alichotaka, kifungo mkononi mwake, na mama mtunza feza alipata alichotaka, mbao isiyotobolewa. Zilibaki dola 35: za waya mzuri, mawe mawili, na akiba ya nyuzi.

Kama kwenu mtoto ni mmoja, anapiga mahali pamoja, na hamtaki kubeba kisanduku na waya wa pili, sisi wenyewe tungewaambia: nunueni yenye vifungo, ya jiwe la volti 9, na mfundishe mtoto kutoa waya kila akimaliza. Si kosa. Kosa ni kununua bila kujua.

Maulizo ya kwenda nayo dukani

Andikeni haya kwenye karatasi, maana muuzaji akianza kuongea tunasahau.

Ina jiwe? La namna gani, na linatokea wapi? Kama huwezi kulibadilisha kwa dakika moja bila bisibisi, fikiri mara mbili.

Ukitoa jiwe, sauti inaendelea? Jaribu palepale. Katika nyingi inakatika.

Je, nyuzi nne zina nguvu sawa? Chomeka, piga kila uzi kwa nguvu ileile. Mara nyingi mfupa haukukaa vizuri juu ya piezo, na uzi mmoja unasikika kama uko chumba kingine. Fundi anaweza kuurekebisha, lakini afadhali ujue kabla ya kulipa.

Mbao ni ya namna gani? Hapa kwetu kati ya mwezi wa 5 na wa 9 mvua inakosekana na hewa inakauka. Mbao nzima inaweza kupasuka. Ya tabaka tabaka, kama tripleksi, inavumilia zaidi. Yoyote ile, isikae juani wala karibu na mbabula, na irudishwe katika mfuko wake.

Nyuzi za kubadilisha zinapatikana wapi? Za gita haziingii. Kama inawezekana, nunua seti ya pili siku ileile.

Na mwisho: nani atapiga? Mchukue mwenyewe dukani. Aivae, aifikie mi ya chini na sol ya juu, ageuze vifungo. Mkono wake ndio utakaoishi nayo.

Siku ya kurudi

Tuliinunua. Kwa miezi miwili binti alijizoeza nyumbani, usiku mwingi bila umeme, mdogo wake akipiga sanduku kuwa ngoma. Katika nyimbo alizojifunza zilikuwamo za zamani za gita la Katanga, za wakati wa Jean-Bosco Mwenda. Mwenda alifanya kidole gumba chake kuwa besi; binti yetu alikuwa anachukua kazi ya kile kidole gumba.

Kiisha wakaalikwa kwenye karamu ya mtoto aliyemaliza masomo. Tulipofika, fundi wa sono alikuwa yuleyule. Tuliona binti amesimama kidogo getini. Hatukusema kitu. Mama mmoja alimpatia tu karatasi ndogo iliyofungwa. Ndani mlikuwa na jiwe jipya la akiba.

Alikwenda mpaka kwenye meza, akamsalimia fundi kwa heshima, akasema: «Papa, leo besi ina kisanduku chake. Nipatie waya mmoja wa mikrofoni tu. Kama meza yako ina volti 48, uniambie kabla ya kuwasha, ninyamazishe kwanza.» Fundi akamwangalia, akaangalia kisanduku, akatafuta waya. Akasema anayo. Akawasha alipoambiwa awashe.

Katika wimbo wa pili bafle zikaanza kuvuma. Kabla fundi hajainuka kwenye kiti, binti alikwisha kupunguza sauti nene na kusogea hatua mbili pembeni ya bafle. Mvumo ukakatika, wimbo ukaendelea. Walipiga nyimbo tisa. Jiwe la akiba lilirudi katika mkoba wa mama likiwa bado katika karatasi yake.

Baadaye fundi alikuja kuuliza bei ya kile kisanduku. Binti akamwambia, kiisha akamwonyesha namna kinavyofanya kazi, kifungo kwa kifungo.

Besi yetu inakaa sasa kwa mama mtunza feza, na Siku ya Tatu magaribi mlango wake uko wazi kwa binti yeyote anayetaka kujaribu, hata yule ambaye hajawahi kushika uzi. Waya uko pale, mawe yako pale. Mtume watoto.

Tukutane juma lijalo, tukijaliwa.